Swichi za Bwana Pazia

Jumamosi, 4 Juni

Nimepata wazo! Limenijia nikiwa juu ya ngazi, natundika pazia la sebuleni kwa mteja, na nusura nianguke nalo.

Mambo yako hivi. Mfamasia amekubali kuolewa nami. Alikubali kwenye kaunta ya duka lake la dawa huku akihesabu vidonge vya mteja, na hesabu haikukosewa. Ndivyo alivyo. Kilichobaki ni mama yake. Mama Mkwe Mtarajiwa (hilo neno la mwisho nitalifuta, Mungu akipenda) hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amesema atafikiri, na jibu atalitoa Jumapili ya wiki ijayo. Mwanamke anayefikiri wiki nzima ni hatari kwa mtu kama mimi. Mimi ni mtu wa kufikiriwa haraka haraka.

Halafu kuna Fundi Friji. Huyu anaishi jengo la pili kutoka kwa Mama Mkwe Mtarajiwa, na kila nikienda kule namkuta jikoni, amepiga magoti mbele ya friji. Friji gani hiyo inayoumwa kila siku? Ni mrefu. Ana mabega. Hazungumzi, na kwa akina mama kutozungumza ni heshima. Mimi nauza mapazia, nazungumza sana, na mabega yangu yamekaa mahali pake bila kujitangaza. Nina hakika anamtaka Mfamasia.

Wazo sasa. Mama Mkwe Mtarajiwa ana ugonjwa wa hadithi za kwenye simu, zile za kuchagua: ukitaka kufungua mlango gusa hapa, ukitaka kukimbia gusa pale. Amezimaliza zote. Basi nitamtungia mpya! Ndani yake awe mama mwenye binti mmoja na wachumba wawili: Bwana Pazia (mwema) na Bwana Barafu (mwovu). Kila atakapochagua, maneno ya hadithi yatabadilika kidogo kidogo bila yeye kushtuka, na ikifika Jumapili moyo wake utakuwa umeshapakwa rangi ninayoitaka mimi. Mtunzi hatajulikana. Nitasema ni rafiki yangu.

Nimemsimulia Dada. Huyu ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, na mpaka leo naishi kwake. Alikuwa anapiga pasi. Amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kwamba sichimbi kisima, natunga hadithi. Amesema afadhali kisima, kingetoa maji.

Jumapili, 5 Juni

Nimetunga kutwa nzima. Mgongo unauma, lakini roho nyeupe.

Programu yenyewe ni rahisi. Katikati ya sentensi unaacha pengo, na nyuma ya pengo unaficha maneno mawili au matatu. Alichokichagua msomaji kurasa za nyuma ndicho kinachoamua neno gani lijitokeze. Nimeyaita mapengo hayo swichi. Mfano: kama mama amempa Bwana Pazia maji, itaandikwa kwamba alikunywa kwa adabu. Kama hakumpa, itaandikwa kwamba alimeza mate kwa adabu. Umeona? Adabu iko palepale! Huo ndio ustadi.

Bwana Pazia nimemmaliza mapema. Mtu mwema, nadhifu, mwenye kazi ya kudumu. Inatosha. Wema hauhitaji maelezo.

Bwana Barafu ndiye aliyenilia mchana wote. Sijawahi kumchukia mtu vizuri hivi! Nimempa kovu juu ya jicho. Nimempa glavu nyeusi ambazo havui hata mezani. Akiingia chumbani, chai inapoa. Kila mama anapomkaribisha, swichi zinamfanya atishe zaidi: sauti nzito inakuwa sauti inayotoka chini ya sakafu, macho meusi yanakuwa macho yasiyoonyesha yamelala wapi. Nilipomaliza nikajisomea mwenyewe, nikaogopa, nikaenda kufunga dirisha.

Nilitaka milango miwili tu ya kuchagua, mmoja kwa kila mchumba, lakini mama angenusa mtego. Nimeongeza wa tatu: funga mlango, usimpe mtu yeyote binti yako. Hakuna atakayeuchagua huo. Nimeandika tu: "Nyumba ikawa kimya. Mwisho." Bila swichi hata moja. Kwa nini nipoteze nguvu?

Dada amepita nyuma yangu, amesoma ukurasa wa Barafu, amesimama. Ameuliza kovu alilipata wapi. Nimemwambia haimhusu.

Jumatatu, 6 Juni

Balaa.

Asubuhi ilianza kwa heri. Mfamasia alimwekea mama yake hadithi kwenye simu kabla ya kwenda kazini. Mama Mkwe Mtarajiwa akauliza mtunzi ni nani. Mfamasia akamjibu nilivyomfundisha: rafiki yake yule bwana wa mapazia, mtu mpole, anakaa mbali. (Mfamasia hapendi mpango huu. Amesema atasema uongo huo mara moja tu, wala asiulizwe tena.)

Saa ya chakula nikapita dukani kwake kwa shangwe. Uso wake haukuwa na shangwe. Mama alikuwa ameshapiga simu kulalamika. Alimpa Bwana Pazia maji, hadithi ikamwita mvivu. Akampa kiti, ikamwita mdoezi. Akamkatia na keki, ikamwita kupe. Mama akasema amekula chumvi nyingi katika dunia hii, lakini hajapata kuona mgeni anayeharibika kwa kutendewa mema upesi namna ile. Bwana Barafu naye alimfungia mlango usoni, hadithi ikasema akasubiri barazani kwa upole, mvua ikimnyeshea, bila kinyongo.

Kumbe jana nilichanganya swichi! Zote! Maneno ya Barafu niliyatundika kwa Pazia, na ya Pazia kwa Barafu.

Mawazo hayo yalinifuata kazini. Pazia la mwalimu mkuu nimelikata juu ya pindo badala ya chini yake. Bosi amelitundika ili alitazame. Limeishia katikati ya dirisha. Ameniuliza kama mteja aliagiza pazia au kaptura. Nikasema siku hizi ndiyo mitindo. Hakucheka.

Jumanne, 7 Juni

Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nimeamka alfajiri nikazirudisha swichi zote mahali pake, na nilipokuwa huko ndani nikaona niongeze nguvu kidogo. Bwana Pazia sasa ni hodari. Akikaa, kiti kinafurahi. Akipiga chafya, anapiga chafya ya mtu msomi. Hata mahali ambapo hayupo nimemweka: mama akichungulia dirishani, anakumbuka jinsi Bwana Pazia anavyojua madirisha.

Jioni Mfamasia kaniletea majibu. Mama yake ameuliza kama huyo mtunzi analipwa na Bwana Pazia. Halafu amesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu Pazia anatembea tangu ukurasa wa kwanza, hajapumzika hata kunywa yale maji.

Mfamasia ameongeza lake. Amesema sifa ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake. Mimi nimempa mama yake chupa nzima akiwa na njaa. Nikamwomba basi aniandikie kipimo. Amesema kijiko kimoja, tena kidogo, tena siyo kila siku.

Hata hivyo alinishika mkono mpaka kwenye kona. Sikusikia tena habari ya vijiko.

Jumatano, 8 Juni

Leo nimekwenda mwenyewe kwa Mama Mkwe Mtarajiwa. Kisingizio: kupima dirisha la jikoni. Nimeshalipima mara kadhaa na halijakua, lakini futi kamba shingoni inaingia nyumba yoyote.

Niliyoyakuta! Mama kwenye kiti chake, simu mkononi, miwani puani. Nyuma ya kiti, Fundi Friji na bisibisi yake, ameinama, anasoma naye! Hawakuniitikia hodi. Nilisimama mlangoni na futi kamba yangu mpaka ukurasa ukaisha.

Walikuwa kwa Bwana Barafu. Mama amemkaribisha. Amempa kiti, amempa keki, na sasa alikuwa anachagua kumwuliza habari za kovu. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba yule rafiki yangu kwa Pazia hajui anachofanya, lakini kwa Barafu mkono wake ni wa dhahabu. Amesema maneno yakibadilika kwa Barafu anasikia baridi mpaka kwenye vidole. Ya Pazia yanabadilika kama bei: yanapanda tu.

Fundi Friji, mtu asiyezungumza, akazungumza! Akasema yule jamaa ni mwanamume hasa. Akaniuliza rafiki yangu alimtoa wapi mtu wa namna ile. Mwenyewe amekwishaanza kutafuta glavu nyeusi madukani. Hakujitambua! Nimemchora yeye, kuanzia mabega mpaka viatu, na hakujitambua!

Nilimfuata kwenye ngazi za jengo alipokuwa anaondoka, nimpeleleze. Nikamwuliza hiyo friji ina nini hasa. Akasema haina kitu. Friji yoyote ikishapoa inanyamaza, kisha inaanza tena kunguruma. Ila mama ikinyamaza tu anamwita. Yeye huja, huigusagusa nyuma, anakunywa chai, friji inaanza yenyewe, anaondoka. Akasema hata mke wake humhimiza asikatae kwenda, kwani ni hatua chache tu, na mama yupo peke yake kutwa binti akiwa kazini.

Ana mke! Anajificha nyuma ya mke! Mjanja kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 9 Juni

Vita. Nimeamua kumharibu Bwana Barafu kabisa. Asubuhi nimemfanya ampige teke paka. Mama Mkwe Mtarajiwa akasema lazima paka huyo alikuwa na siri yake. Nikamfanya aibe saa ya marehemu baba wa binti. Akasema huyo mtu anateseka moyoni, angepata mwanamke wa kumwelewa. Kila ninapoongeza neno baya, mama anasogeza kiti karibu na dirisha apate mwanga wa kusomea.

Mchana nikamwua. Nikamtumbukiza Bwana Barafu kisimani, glavu na kila kitu. Hakuna swichi, hakuna kuchagua, ni kisima tu.

Jioni ikaja amri kupitia kwa Mfamasia: mtunzi amtoe Barafu kisimani leo hii, tena akiwa mkavu. La sivyo mama ataacha kusoma, na akiacha kusoma atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikiri juu ya watu fulani.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Dada jikoni, macho mekundu. Nikadhani vitunguu. Hakukuwa na kitunguu. Mfamasia amempelekea hadithi naye, na Dada amefika kwenye kisima. Ameniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyetabiri habari ya kisima. Amesema alimaanisha mimi niingie, siyo yule.

Nimemtoa. Amepata mafua tu. Wali wa jioni ulikuwa mtamu na nimeongezewa bila kuomba.

Ijumaa, 10 Juni

Mfamasia kaja dukani kwetu saa ya chakula, jambo ambalo hafanyi, kwa sababu vumbi la vitambaa humpigisha chafya. Alisimama katikati ya marobota akapiga chafya, kisha akasema tunahitaji kuzungumza. Nikajua ni Barafu.

Siyo Barafu. Mama yake tangu jana usiku ameacha wachumba wote wawili. Amechagua mlango wa tatu. Funga mlango, usimpe mtu yeyote. Akasoma: "Nyumba ikawa kimya. Mwisho." Akarudi mwanzo kabisa. Safari hii akawapa wote maji, akafika tena kwenye mlango wa tatu. Nyumba ikawa kimya. Akarudi, akawanyima wote. Nyumba ikawa kimya. Amejaribu kila njia, na kila akifika pale maneno ni yaleyale. Mwishowe akaweka simu chini ya mto. Akasema yule rafiki wa bwana wa mapazia amemfikiria kila mtu, hata paka, isipokuwa mwenye nyumba.

Mfamasia akaniambia niuandike mlango ule vizuri.

Nikapinga. Nikamweleza kwamba ule mlango hauna mchumba ndani! Hakuna wa kumsifu, hakuna wa kumharibu, faida yake nini? Akanitazama kwa yale macho anayomtazamia mteja anayetaka dawa kali bila cheti. Akarudia: uandike. Akapiga chafya, akaondoka.

Basi nimeuandika, ningefanyaje? Nilikuwa nasubiri kulabu za pazia ziletwe, nimekaa juu ya robota la bitana. Sikuwa na ujanja wa kutia, kwa hiyo nikajiuliza tu nyumba ikiwa kimya mtu husikia nini. Nikakumbuka kwetu, miaka Dada alipokuwa akifanya kazi mbali, nami nikirudi shule nakaa kwenye ngazi za jengo namsubiri. Nilikuwa najua viatu vyake tangu anapokanyaga ngazi ya chini kabisa.

Nikaandika hivyo. Mama anafunga mlango, nyumba inakuwa kimya, halafu ngazi zinaanza kulia. Mtu anapanda. Kama mwanzoni ulitoa maji, kwenye kichanja cha vyombo kuna vikombe vitatu vinavyokauka, tangu jana. Kama ulinyima, kuna kikombe kimoja, na anayepanda amebeba vingine kwenye mfuko, vinagongana. Kama ulimkaribisha Barafu, bawaba za mlango zimetiwa mafuta, hutausikia ukifunguka. Kama ulimsikiliza Pazia, pazia liko wazi na umeshamwona akitokea mwisho wa mtaa. Uchague utakavyochagua, binti yako anaingia na kuuliza kama kuna chai. Mara huja na mume, mara huja peke yake, mara huja wakiwa wamegombana. Lakini kuja anakuja. Nimeweka swichi mahali pengi, ila hiyo sentensi ya kuja sikuiwekea swichi.

Kulabu zikafika. Sikuisoma tena. Kazi ya haraka, isiyo na faida yoyote kwangu.

Jumamosi, 11 Juni

Siku ya silaha ya mwisho! Nimepata neno: thabiti. Nimepitia hadithi nzima nikimpachika Bwana Pazia uthabiti kila penye nafasi. Anasimama kwa uthabiti. Anakataa keki kwa uthabiti. Kijiko kimoja kidogo tu, kama nilivyoelekezwa na mtaalamu, ila kila ukurasa.

Bosi amenipa ruhusa ya kesho kwa sharti kwamba Jumatatu nishone upya pazia la mwalimu mkuu. Nimekubali kwa uthabiti.

Dada amenipigia pasi shati jeupe. Amepiga kola mara mbili, akasema shingo yangu inaihitaji. Nikamwuliza anaonaje, mama atasema nini kesho. Akasema mimi ni mjinga, lakini sijawahi kuchelewa kurudi nyumbani tangu nilipokuwa mdogo. Sijui hayo yanahusiana nini na swali langu.

Jumapili, 12 Juni

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Nilifika na Mfamasia mchana. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Fundi Friji hayupo. Nilishangaa, maana friji ilikuwa imenyamaza kabisa, na mama hakumwita mtu.

Kwanza akaniuliza yule rafiki yangu, mtunzi, kama ana mama. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uthabiti. Nikasema hana, alilelewa na dada yake. Akasema alidhani hivyo.

Akasema huyo rafiki yangu ni mwongo, anasifu kama mtu anayeuza sabuni, na ana wivu wa kuchekesha. Lakini amekaa kwenye ngazi huyo, akasema. Mtu ambaye hajakaa kwenye ngazi akisubiri hawezi kuandika ule mlango wa tatu. Alisema hayo akinitazama mimi, siyo rafiki yangu.

Halafu akauliza nyumba tunayotaka kupanga iko wapi. Nikasema mtaa wa nyuma, ghorofa ya kwanza, nimeshapima madirisha. Nikamwambia kwamba dirisha la jikoni kwetu linatazamana na la kwake, nimelipima kutoka pande zote mbili. Hiyo ni kweli tupu. Ndiyo maana nilikuwa nalipima la kwake kila mara. Akauliza kama pazia la jikoni litakuwa wazi. Nikasema litakuwa wazi kuanzia asubuhi, na kitambaa nimechagua chepesi, hata likifungwa taa itaonekana.

Akaligeukia dirisha. Friji bado imenyamaza. Nikasikia saa ya ukutani, nikasikia jasho langu.

Akasema ndiyo.

Hivyo hivyo, neno moja. Akaongeza kwamba hakuwahi kuwa na neno na mimi, alikuwa anaogopa ukimya wa nyumba hii, na hilo si jambo ambalo mtu mzima anamwambia binti yake anayetaka kuolewa. Mfamasia alikuwa ameanza kulia, yeye asiyekosea hata kidonge, na alikosea mlango akaingia stoo badala ya kwenda kuleta chai. Mimi nililia pia. Nasema wazi, nililia kwa sauti na shati likapata doa kwenye kola. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Tulipokuwa tunakunywa chai friji ikaanza kunguruma. Hakuna aliyegeuka.

Kwenye ngazi, wakati wa kuondoka, Mama Mkwe (Mama Mkwe! bila neno la pili!) akaita kutoka juu. Amenituma nimwambie rafiki yangu kwamba anamsalimu, na kwamba Bwana Barafu asiguswe tena.

Nikawaza njia nzima ni nini hasa kilichomgeuza. Nimefikia jibu. Ni "thabiti". Neno moja, mahali pake, siku moja kabla ya hukumu. Nilijua tu! Mlango wa tatu ulimpumzisha kidogo, sikatai, lakini kazi imefanywa na Bwana Pazia.

Jumatatu, 13 Juni

Nimeamka nikiimba. Dada amenivumilia. Pazia la mwalimu mkuu nimelishona upya kwa kitambaa kingine, limefika sakafuni, na kipande kilichobaki Bosi amesema nichukue, nikatundike jikoni kwetu. Kwetu! Dunia nzuri.

Doa moja tu. Mfamasia amepita dukani tupange vitu vya nyumba, na nilipotaja kochi langu la kahawia, lile lenye shimo linalolingana nami hasa, akasema halitaingia. Anataka jipya, la ngozi nyeusi, ameliona dirishani kwenye duka la samani. Nikasema tulijadili. Akasema tumeshalijadili.

Hakuna tabu. Programu ninayo, na mtunzi ana wasomaji sasa. Nimeanza hadithi nyingine saa ya chakula. Bi arusi anahamia nyumba mpya, na makochi mawili yanagonga mlango: Kochi la Kahawia (jema) na Kochi la Ngozi (ovu). Yeye akichagua, maneno yatabadilika kidogo kidogo, asijue. Nitasema ni kazi ya rafiki yangu.

Kochi la Kahawia nimelimaliza mapema. Kochi jema, imara, la kudumu. La Ngozi ndilo lililonichukua muda. Jeusi, linang'aa, likikaliwa linavuta pumzi, na hakuna anayejua nani alilikalia kabla. Nimelichukia vizuri sana! Bosi amesoma begani kwangu, ameuliza linauzwa wapi.

Mlango wa tatu nimeuweka kwa sababu lazima uwepo: wasichukue kochi lolote, wakae chini kwenye mkeka. Nimeandika sentensi moja, bila swichi. Nani atachagua kukaa chini?